UMRI, UTU UZIMA NA KAZI YA UUGUZI

Hotuba iliyosomwa na mwalimu mstaafu wa wauguzi mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano kama huu tumezoea kusikia hesabu za mapato na matumizi, habari za wenzetu waliofiwa, na shukrani kwa wale waliotoa mchango. Mambo hayo yote yafaa kusomwa, kwa kuwa chama cha kusaidiana kisichosoma hesabu zake hadharani hakiishi siku nyingi. Lakini Kamati imeniomba niseme juu ya jambo moja ambalo mwaka huu limewashinda kulikatia shauri, nalo ni hili: chama kikitoa msaada wa karo kwa mtu anayekwenda kusomea uuguzi, je, kitazame umri wake?

Chanzo cha swali hili mnakijua. Waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 18, aliyemaliza kidato cha nne hivi karibuni. Wa pili ni mama wa miaka 36, mwenye watoto watatu, ambaye kwa muda mrefu amezunguka nyumba kwa nyumba akiwa mhudumu wa afya ya jamii, na ambaye cheti chake cha kidato cha nne kinakubaliwa chuoni. Juu ya yule mama ilisemwa kwamba kanuni yetu hairuhusu kumsaidia mtu aliyepita miaka 25. Juu ya yule binti ilisemwa kwamba yu mtoto bado, naye atazichezea fedha za chama. Basi mmoja akaonekana mzee mno, na mwingine akaonekana mtoto mno; mwisho wake hakuna aliyepewa, na fedha zikabaki benki. Wakati huo huo zahanati zetu zinalia kwa upungufu wa wauguzi.

Sikuja kumlaumu mtu. Wote waliosema walisema kwa kukitakia chama heri. Lakini kwa kuwa nimekaa katika kazi hii tangu ujana wangu, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha muuguzi, na mwisho mwalimu, naomba ruhusa niwaeleze niliyoyaona.

Swali la umri wa muuguzi si geni. Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, alipokwenda kuwauguza askari katika vita vya Crimea mwaka 1854 alikuwa na miaka 34. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa amekaribia miaka 50 alipoomba kwenda huko huko. Akakataliwa, akaenda kwa nauli yake mwenyewe, akawahudumia askari hao hao. Mwaka 1860 shule ya Nightingale ilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London, ilipendelea wanafunzi wa miaka 25 hadi 35, kwa kuamini kwamba kabla ya umri huo mtu hajatulia. Leo hapa kwetu Kenya mambo yamegeuka: wanafunzi wengi huingia chuoni wakitoka moja kwa moja kidato cha nne, wakiwa na miaka 18 au 19. Kwa hiyo kazi ni ile ile, mgonjwa ni yule yule, lakini umri uliokataliwa jana ndio unaopendwa leo. Jambo hilo peke yake latosha kutuonya kwamba hesabu ya miaka si kipimo cha kutegemewa.

Sasa naomba niwasimulie kisa changu mwenyewe, ijapokuwa si kisa cha kujivunia.

Niliingia chuoni nikiwa na miaka 18. Nilikuwa hodari wa mitihani, nami nilijiona nimefika. Mwaka 1981 niliwekwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kanuni ya wodi ilikuwa kwamba mama aliyejifungua apimwe mapigo ya mshipa na shinikizo la damu kila baada ya dakika 15, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi yake. Usiku huo nilikuwa na akina mama wengi, miguu ilinichoka, na usingizi ulinizidi. Kulikuwa na mama mmoja aliyejifungua salama, ambaye mapigo yake ya kwanza yalikuwa 80. Nikamwona amelala kwa utulivu. Nikakaa mezani nikaandika 80, baadaye nikaandika 80 tena, na mara ya tatu nikaandika 82 ili isionekane kwamba naandika kitu kimoja. Sikuwa nimemgusa.

Katika zamu ile tulikuwa na mwanafunzi mwenzetu mwenye miaka 33. Alikuwa amefanya kazi ya usafi hospitalini kabla ya kupata nafasi ya kusoma, naye alikuwa na watoto, hivyo sote tulimwita Mama. Darasani alikuwa mzito. Mara nyingi nilimfundisha hesabu za dawa, na nakiri kwamba moyoni nilimdharau kidogo. Alipita karibu na kitanda kile, akasimama, akaweka vidole vyake kwenye mkono wa mgonjwa, akatazama saa. Kisha akafunua shuka. Damu ilikuwa imelowa mpaka kwenye godoro. Mapigo yalikuwa 128.

Alimwita Sista kwa sauti kubwa, na huku akingojea alianza kuukanda mji wa mimba kwa mkono, kama tulivyofundishwa. Mgonjwa alichomwa sindano ya kuufanya mji wa mimba ukaze, akatiwa maji mshipani, na daktari akaitwa. Kwa rehema ya Mungu mama yule alipona, akarudi kwake na mtoto wake.

Kulipotulia, yule mwenzetu alikuja na ile karatasi mkononi. Hakupiga kelele. Aliniambia, “Mwanangu, kalamu haikushika mkono wa mgonjwa.” Kisha akasema, “Mimi sitakwenda kusema. Utakwenda wewe mwenyewe, kabla ya jua kuchomoza.” Nikaenda. Nilitetemeka mwili mzima nilipomweleza Sista kwamba namba zile zilikuwa za uongo. Niliadhibiwa, niliondolewa zamu kwa muda, nikaitwa mbele ya wakubwa, na jina langu likaandikwa. Lakini sikufukuzwa, kwa sababu nilisema mwenyewe. Na tangu usiku ule mpaka siku ya kustaafu kwangu sikuandika tena namba ambayo sikuipima.

Wazee wangu, nimekisimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, yeyote angetusoma sisi wawili kwa vyeti angenichagua mimi na kumwacha yule mama, na angekosea. Pili, yeyote ambaye angeniona usiku ule angesema mtoto huyu hafai, afukuzwe. Naye pia angekosea, kwa maana nilifundishika. Utu uzima wa yule mama haukuwa katika miaka yake 33 tu, kwa kuwa nimepata kuona watu wa miaka 40 wakificha makosa makubwa kuliko langu. Ulikuwa katika mambo matatu: aliangalia bila kutumwa, alisema kweli bila kuaibisha, na alimwacha mkosaji aubebe mzigo wake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Mtu mzima katika uuguzi ni yule anayeweza kuaminiwa wakati hakuna anayemwona. Mgonjwa aliyelala hawezi kumsimamia muuguzi. Jamaa zake wako nyumbani, na daktari yuko mbali. Saa nane za usiku kinachomlinda mgonjwa ni dhamiri ya yule aliyeshika karatasi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika wodi, anayeficha kosa lake huenda akawa anaficha maradhi ya mtu mwingine, na kifo kikija hakimwumbui yeye bali humchukua asiye na hatia.

Sasa, kwa kuwa tunataka kuwasaidia vijana na watu wazima pia, ni haki tuyajue magumu ya kila mmoja.

Nianze na kijana. Fikirini binti wa miaka 18 ambaye jana alikuwa akipigiwa kengele ya kulala shuleni. Leo anaambiwa amwogeshe mzee wa umri wa babu yake, asiyeweza kujigeuza kitandani. Katika mila zetu jambo hili ni zito kwa wote wawili: mzee anaona haya, na binti anaona haya. Asipofundishwa, atafanya moja kati ya mawili: ama atacheka kwa woga, ama atamshika mzee yule kama gogo ili amalize upesi. Wanafunzi wangu niliwafundisha hivi. Mwamkie kwanza, umwite Babu. Mwombe ruhusa, hata kama hawezi kujibu. Zungusha pazia. Mfunike kwa shuka, ukifunua sehemu moja tu kwa wakati mmoja, nayo ukisha kuiosha na kuikausha uifunike kabla ya kufunua nyingine. Sehemu za siri, akiweza, aoshe mwenyewe kwa mkono wake. Binti anayefanya hivyo, hata akiwa na miaka 18, amemhifadhia mzee heshima yake, na mzee yule atamwombea dua.

Kadhalika kijana hukutana na kifo mapema. Katika nyumba zetu watoto huondolewa chumbani mtu anapokata roho. Mwanafunzi wa uuguzi huambiwa akae, afumbe macho ya marehemu, aunyoshe mwili, na kisha awapokee wafiwa. Wapo wanaolia, na kulia si aibu. Hatari iko kwa yule anayejifanya jiwe, kwa maana akizoea kutohisi kwa maiti ataacha kuhisi kwa walio hai. Kijana huyu anahitaji mkubwa wa kumwuliza jioni, “Leo umeona nini?” Wengi hawana mtu huyo, nao hutafuta faraja mahali pabaya.

Tena iko simu ya mkononi, ambayo sisi hatukuwa nayo. Kijana huona kila jambo kuwa la kupigwa picha na kupelekewa marafiki. Ni lazima afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba mwili wa mgonjwa, jina lake na ugonjwa wake ni amana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI inakataza kufichua hali ya mtu kinyume cha taratibu, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inazihesabu habari za afya kuwa jambo la kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, siri ya mgonjwa ingebaki siri, kama vile mkunga wa zamani alivyotoka katika nyumba ya mzazi na mdomo wake umefungwa.

Nije kwa mtu mzima. Msidhani kwamba kwake njia ni nyepesi. Mwanafunzi wa miaka 36 hufundishwa na mwalimu wa miaka 28, na kukubali kusahihishwa na mdogo wako mbele ya watu kwahitaji unyenyekevu. Wapo waliozoea njia za mkato katika kazi zao za kwanza, nao husema, “Sisi tumefanya hivi miaka yote.” Mazoea ya namna hiyo ni magumu kuliko ujinga, kwa maana mjinga hukubali kufundishwa. Pia kuna watoto nyumbani, mume au mkwe anayenung’unika, na usiku mfupi wa kusoma. Nimepata kumwona mama akija mtihanini macho mekundu, kwa kuwa amekesha na mtoto mwenye homa.

Pamoja na hayo, watu wazima wamekwisha kuthibitisha kwamba elimu haina mwisho. Mwaka 2005 shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianzisha mpango wa kuwafundisha kwa njia ya kompyuta wauguzi wenye cheti, ili wapate diploma bila ya kuacha kazi zao. Kati ya waliosoma hivyo walikuwamo watu wenye familia, ambao hawakuwa wamegusa kompyuta kabla ya hapo. Walikaa nayo jioni baada ya zamu, wakafaulu. Na kwa upande wa vijana, sote tulisikia mwaka 2022 jinsi Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alivyopewa tuzo ya wauguzi ya dunia nzima kule Dubai, hali hajawa mzee. Katika kijiji chake alisaidia kuanzisha shule ambamo watoto husoma na wazazi wao pia husoma. Nadhani shule hiyo ni jibu zuri kwa wanaouliza ni umri gani unaofaa kujifunza.

Ndugu zangu, yako maneno mawili ambayo wenzetu huyasema kuitetea kanuni ya miaka 25, nami sipendi kuyapita kimya.

La kwanza ni kwamba kijana atatumika miaka mingi, bali mtu mzima atastaafu upesi. Hebu tufanye hesabu. Zamani watumishi wa serikali walistaafu wakiwa na miaka 55, lakini tangu mwaka 2009 ni miaka 60. Mama wa miaka 36 akisoma diploma kwa miaka 3, akamaliza na 39 au 40, atakuwa na miaka 20 ya kutumika. Miaka 20 si haba. Naye ana shamba lake hapa, watoto wake wako shule za hapa, na wazee wake wamezikwa hapa. Kijana, kwa upande wake, aweza kwenda mbali. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wetu huko, na wapo wanaoenda nchi nyingine pia. Siwalaumu hata kidogo, maana wanawalisha wazazi wao. Nasema tu kwamba hesabu ya miaka haielekei upande mmoja kama tulivyodhani.

La pili ni kwamba kijana hana utu uzima. Hapa naomba wazee wangu wakumbuke mila zetu wenyewe. Je, jandoni na katika marika yetu kijana alihesabiwa kuwa mtu mzima kwa kuwa miaka ilipita tu? La. Alifundishwa, akapewa mkubwa wa kumwongoza, akaonywa, akapewa wajibu, na watu wakamtazama anavyouchukua. Utu uzima ulikuwa ni kitu cha kufunzwa. Ikiwa leo binti wa miaka 18 anaonekana mtoto, basi tujiulize ni nani kati yetu aliyemkalisha akamfunza. Kumnyima karo kwa sababu hajakomaa, na huku hatumkomazi, ni sawa na kumnyima maji mche kwa sababu haujazaa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako naomba Mkutano huu upokee mapendekezo manne.

Kwanza, kanuni ya miaka 25 ifutwe. Mahali pake iandikwe kwamba mwombaji wa umri wowote atasikilizwa, maadamu chuo kimemkubali.

Pili, Kamati isitazame alama za mtihani peke yake. Imwite mwombaji, imwulize maswali ya kazi. Kwa mfano, aulizwe, “Umekosea kipimo cha dawa, na hakuna aliyeona, utafanya nini?” Jibu la haraka lisituvutie sana, bali tutazame kama mtu huyu amepata kukiri kosa lolote katika maisha yake. Tena tupate barua kutoka mahali alipotumika au aliposoma, juu ya uaminifu wake.

Tatu, kila kijana tunayemlipia karo apewe mlezi kutoka chamani, mtu mzima atakayempigia simu mara kwa mara, si kwa kumpeleleza bali kwa kumsikiliza. Wako kati yetu wauguzi wastaafu, nami najitolea kuwa wa kwanza.

Nne, mama anayesoma asaidiwe na chama si kwa fedha tu. Wiki za mtihani, akina mama wa chama chetu wapokezane kuwatunza watoto wake. Jambo hili halina gharama, lakini laweza kuwa ndilo litakaloamua kama atafaulu au atashindwa.

Kuhusu waombaji wale wawili, sina mamlaka ya kukata shauri, wala sitaki kuyanyang’anya kwa Kamati. Nasema tu kwamba fedha zilizobaki benki, kama Mweka Hazina alivyosoma asubuhi, zatosha karo ya mwaka wa kwanza ya mtu mmoja, na tukichanga kidogo zitatosha wawili. Napenda kuwaona wote wawili wakiingia darasa moja. Yule binti atamfundisha mama hesabu za dawa. Na mama, usiku ukiwa mrefu, atamfundisha binti kuweka vidole mkononi mwa mgonjwa kabla ya kuandika.

Siku yaja ambayo kila mmoja wetu hapa atalala kitandani asiweze kujigeuza. Siku hiyo hatutamwuliza muuguzi amezaliwa mwaka gani. Tutataka tu kujua kama mkono wake ni mwepesi, kama neno lake ni la kweli, na kama usiku atakuja. Muuguzi huyo twaweza kumwandaa leo, kwa fedha zetu wenyewe na kwa malezi yetu wenyewe.

Mungu akibariki chama chetu na kuwaponya wagonjwa wetu wote.